Kifua cha Mkwe

"Vua shati," Sista Tabby alisema. "Na vesti pia. Huyu hataki nguo, anataka ngozi."

Onyancha aliutazama mlango kwanza. Chumba kilikuwa kidogo, viti vya plastiki vimepangwa kando ya ukuta, na juu ya viti hivyo akina mama wameketi na watoto wao vifuani, wamefungwa leso, wala hakuna hata mmoja aliyekuwa na nafasi ya kumwangalia mwanamume. Hata hivyo alifungua vifungo polepole, kimoja kimoja. Jana alikuwa ameona haya vivyo hivyo na jana ilipita. Kilichomtia wasiwasi leo hakikuwa hawa akina mama. Mkwe wake, mamake Valary, alikuwa njiani kutoka Ndanai.

Sista Tabby hakuwa na habari za mkwe wala za Ndanai. Alimtoa mtoto kwenye inkubeta, alikokuwa amelazwa na wenzake wawili kwa sababu inkubeta nyingine ilikuwa imeharibika tangu Pasaka, akamlaza kifuani pa baba yake, tumbo kwa ngozi, shavu kwenye mfupa wa kifua. Akamfunga leso, akaikaza kwa nyuma. Mpira mwembamba wa oksijeni aliubandika tena chini ya pua ya mtoto kwa kipande cha plasta, na ncha nyingine ilienda mpaka kwenye mashine iliyokuwa ikinguruma pembeni.

"Sasa wewe ndio inkubeta," alisema. "Na usisahau ile kitu nilikuambia jana. Hawa wa miezi saba wanasahau kupumua. Si ati ni wagonjwa, wanasahau tu. Ukiona mgongo umenyamaza, ukiona mdomo unaanza kuwa bluu, mguse unyayo na kidole. Tik, tik. Atakumbuka."

"Na asipokumbuka?"

"Unaniita. Lakini usitoe macho kwake, baba. Hata nzi akitua kwa pua yako, mwache."

Wale akina mama walicheka kidogo. Onyancha aliutazama mgongo wa mtoto.

Alikuwa mtu wa kiwanda cha chai huko upande wa Kiptere. Kazi yake ilikuwa ya majani mabichi, yale yanayoshushwa kwenye lori mchana na kulazwa juu ya vitanda virefu vya wavu yanyauke, feni zikiyapulizia hewa kutoka chini. Majani ya chai yakilundikwa bila hewa hupata joto yenyewe kwa yenyewe, yakageuka mekundu, yakaharibika. Kwa hiyo kutwa nzima Onyancha alikuwa akitembea kando ya vitanda hivyo, akitumbukiza mkono hadi kiwiko, akipima joto, akigeuza. Ni kazi isiyo na sifa. Lakini alikuwa ameizoea, na sasa, akiwa ameketi na mtoto wake kifuani, mkono wake wa kulia ulikuwa ukipita juu ya leso bila yeye kujua, ukitafuta mahali palipo na baridi.

Miguu ya mtoto ilikuwa na baridi. Ilikuwa midogo kiasi kwamba kidole gumba chake kiliifunika yote miwili.

Huko juu, kwenye jengo la pili linalofikiwa kwa ngazi za nje, katika wodi ya mahututi, mkewe Valary alikuwa amelala na mpira mdomoni. Jumapili alikuwa ameshinda akilalamika kichwa, akasema anaona nyota mchana kweupe, kisha akaanguka kando ya jiko akitetemeka mwili mzima. Kifafa cha mimba, waliambiwa. Wakampasua usiku huohuo kumtoa mtoto, na tangu hapo hakuwa amefumbua macho. Kila asubuhi Onyancha alikuwa akipanda ngazi kwenda kumwona, akiambiwa tunangoja, akishuka. Siku hizi hakuwa akiuliza tena. Maombi yake yote, na kubembeleza kwake kote, alikuwa ameyahamishia huku chini, kwa huyu ambaye alikuwa hajafika hata uzito wa mfuko wa unga. Alimpenda kwa namna iliyomtisha. Kila alipoona mgongo mdogo ukipanda, alishukuru, na kabla hajamaliza kushukuru, mgongo ulikuwa umeshuka tena na hofu imerudi mahali pake.

Mara mbili asubuhi hiyo mtoto alisahau. Mara mbili Onyancha alimgusa unyayo, tik, tik, naye akakumbuka, akanyoosha kidole kimoja kama mtu aliyeudhika.

Nyabate, mamake Valary, alifika mchana.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana anayesoma huenda si Mkisii, na atashindwa kuelewa kwa nini mtu mzima mwenye akili zake alifanya alichofanya Onyancha. Kwa Wakisii kuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ni aibu, lakini aibu yenye sheria zake. Mwanamume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hawaketi bega kwa bega, hawapiti chumba kimoja cha kulala. Mmoja kuuona mwili wa mwenzake ukiwa wazi, hilo halisemeki hata kwa mzaha. Ni jambo la kuitiwa wazee na kuchinjiwa mnyama. Onyancha alikuwa amezaliwa huku kwenye laini, nyumba za wafanyakazi wa chai, katikati ya Wakipsigis na Waluo na Wakikuyu, na mengi ya kwao hakuyajua. Lakini hili alilijua. Hili mtu hafundishwi, anakua nalo tu. Katika miaka minne ya ndoa hakuwa amemtazama Nyabate usoni hata siku moja. Alijua sandali zake, na alijua sauti yake.

Sauti hiyo ndiyo aliyoisikia kwenye korido, ikimuuliza mtu kwa Kiswahili cha sokoni: "Wale watoto wadogo wadogo wanawekwanga wapi?"

Aliona kivuli kwenye kioo cha mlango, mlango ukafunguka kidogo, na mwili wake wote ukatenda kabla ya kichwa. Alifungua leso. Akamlaza mtoto kwenye kitanda kidogo cha kioo kilichokuwa kando, akamfunika leso ileile juujuu, akakwapua shati, na kwa mlango wa nyuma, ule unaoelekea mahali pa kufulia, akatoka. Wala hakuwa amemtupa mtoto, hivyo ndivyo alivyojiambia akifunga vifungo. Nyanya yake anaingia sasa hivi. Atamwona, atamshika. Mimi nikae hapa nje kidogo mpaka amalize.

Nyabate hakuingia. Kupitia ufa wa mlango alikuwa ameona mgongo wa mwanamume, mtupu, na alijua ni wa nani. Aliufunga mlango upesi, akarudi nyuma mpaka mwisho wa korido, akageukia ukuta na kikapu chake cha ndizi na chupa ya uji. Aliona vyema asubiri hapo mpaka kijana avae, kisha mtu amwite. Hakuna aliyemwita. Yeye hakuweza kuuliza, maana angeuliza nini? Na kijana hakuweza kuchungulia, maana angechunguliaje? Basi wakasimama hivyo, mmoja upande huu wa jengo na mwingine upande ule, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa moyo wake wote. Mtoto alikuwa peke yake katikati.

Ni mama mmoja kijana, aliyekuwa akimnyonyesha wake kwa sindano isiyo na ncha, ndiye aliyegeuza kichwa na kupiga kelele.

"Sista! Sista! Wa huyu baba amekuwa bluu!"

Onyancha alisikia. Alirudi ndani mbio, shati limefungwa kombo, akamkuta Sista Tabby ameinamia kile kitanda. Ule mpira wa oksijeni ulikuwa ukining'inia kando, plasta yake imejaa nywele za kifua chake mwenyewe. Aliing'oa mwenyewe alipokuwa akifungua leso na hakuona. Mtoto alikuwa na rangi ya zambarau bivu. Sista alimwekea kibarakoa kidogo usoni, akawa anabana kifuko cha mpira kwa vidole viwili, anabana, anaachia, anabana, na kifua cha mtoto kikawa kinainuka kwa sababu kimeinuliwa, si kwa sababu kimetaka.

"Njoo," Sista alikuwa akisema kwa sauti ndogo. "Njoo, mrembo. Njoo, njoo, njoo."

Nyabate naye alikuwa amefika mlangoni. Alisimama pale mkono mdomoni.

Ilichukua muda ambao Onyancha hangeweza kuusema. Kisha mguu mmoja ulijikunja, na kutoka ndani ya kibarakoa ikatoka sauti, si kilio hasa, ni kama mlango mdogo usiotiwa mafuta. Rangi ilirudi polepole kuanzia kifuani. Sista Tabby aliondoa mikono yake, akamfunga mtoto kwa leso, akapima joto, akakitazama kipimajoto mara ya pili kana kwamba kimemdanganya.

"Amekuwa baridi sana," alisema. Kisha akageuka. "Mlikuwa wapi?"

Onyancha alikishika kifungo kilichofungwa kombo.

"Baba, nimekuuliza. Nilikuambia nini asubuhi?"

"Mama mkwe alikuja," Onyancha alisema, akitazama sakafu.

"Eeh, alikuja. Halafu?"

"Halafu... sikuwa na shati."

Sista Tabby alimtazama yeye, akamtazama yule mama mlangoni, na wote wawili walikuwa wakitazama sakafu. Alikuwa Mkikuyu aliyekulia Litein, alisoma na Wakisii, aliwahi kusikia mambo haya na kuyacheka. Sasa hakucheka.

"Mnataka kuniambia huyu mtoto alikuwa anaenda kwa sababu ya heshima?"

Onyancha alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa ameogopa kuonekana kifua, na kwa sababu ya kifua mtoto wa Valary alikuwa amefika mlango wa kifo na kubisha. Machozi yalimtoka mbele ya wanawake wote wale na hakuyafuta.

Ndipo mbingu ikafunguka.

Watu wa milima hii ya chai wanaijua mvua ya mawe ya alasiri. Asubuhi jua kali, mchana wingu jeusi linapanda, kisha mawe. Lakini hii ilikuja kwa hasira. Ilipiga mabati kwa kishindo kiasi kwamba watu waliokuwa wakizungumza waliendelea kufungua midomo bila kusikika. Dirishani, ua wote uligeuka mweupe. Taa ziliyumba, zikawaka, zikayumba tena, zikazimika, na ile mashine ya oksijeni pembeni ikatoa mlio mrefu wa kulalamika, ikanyamaza.

Nje jenereta ilinguruma, ikakohoa mara mbili, ikafa. Walisikia mtu akiipiga kwa chuma, kisha hata hilo likamezwa na mawe.

Sista Tabby alikuwa tayari ameanza kukimbia. Alikuwa peke yake zamu hiyo. Mwenzake alikuwa ameitwa kwenye chumba cha upasuaji. Watoto saba, mtungi mmoja wa oksijeni. Aliuburuta ule mtungi mpaka nyuma ya pazia, kwa wale wawili wadogo kuliko wote, akarudi akifuta jasho.

"Wako atakaa bila," alimwambia Onyancha kwa sauti ya juu, mdomo karibu na sikio. "Hana mashine, hana inkubeta. Ako na wewe tu. Vua hiyo shati tena, na usinipotezee muda. Na hapa kumekuwa giza, wewe huwezi kuona uso wake akiwa kifuani kwako. Mtu lazima asimame mbele yako aangalie." Aligeuka. "Shosho, kuja. Wewe ndio nyanya yake."

Nyabate alirudi nyuma hatua moja. "Sista, mimi kwa huyu siwezi. Tafuta mtu mwingine."

"Mwingine nani? Angalia hapa ndani. Kila mtu na wake."

Ilikuwa kweli. Kwenye viti, akina mama walikuwa wamewakumbatia watoto wao, vichwa vimeinama, midomo inacheza.

"Basi nipee mimi mtoto," Nyabate alisema. "Yeye atoke. Mimi nilizaa saba, najua kubeba."

Sista Tabby alimshika mkono, kisha shingo. Mvua ilikuwa imemkuta mapema akitoka Ndanai, sweta yake ilikuwa ingali imelowa. Alikuwa akikohoa tangu afike.

"Wewe ni baridi kama huyu mtoto. Na hiyo kifua yako inakohoa. Ukimpea homa ya mapafu leo, hatafika kesho." Kisha sauti yake ikalegea. "Shosho, tafadhali. Mimi niko na mikono mbili peke yake."

Akaondoka.

Onyancha alikuwa amesimama na mtoto mikononi. Alivua shati. Safari hii halikumchukua muda, alilivuta likakatika kifungo. Akamlaza mtoto pale pale alipokuwa asubuhi, na ule ubaridi wa mwili mdogo ukampenya mpaka mgongoni. Hakuweza kuifunga leso kwa nyuma peke yake. Ncha zake zilikuwa zikining'inia, na mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika mtoto.

Alisubiri. Hakuomba, hakumwita. Angemwitaje?

Alisikia sandali zikija. Zilipita upande wake, zikasimama nyuma yake. Mikono yenye baridi, migumu kwa kubeba mikungu ya ndizi miaka yote, ilizishika ncha za leso, ikazivuta, ikafunga fundo, na vidole viligusa uti wake wa mgongo. Mwili wake wote ulisisimka kwa aibu.

Nyabate akaja mbele. Alikuwa amefumba macho.

"Tata," alisema kwa Kikisii, kwa neno ambalo akina mama wa kwao humwitia mtoto wa kiume. "Wazee watatutengenezea haya mambo baadaye. Watachinja wanachochinja. Leo usinihesabu. Mimi ni taa tu."

Alitoa simu kifuani mwa nguo yake, ile ndogo ya kubonyeza, mulika mwizi, akaiwasha tochi. Akafumbua macho na kutazama pale ambapo hakupaswa kutazama.

Onyancha pia alitazama. Aliangalia uso uliokuwa umeinama karibu na kifua chake, umemulikwa kutoka chini, na kwa mara ya kwanza akauona. Ulikuwa uso wa Valary. Si sura yote, lakini macho, na namna ya kukunja paji la uso anaposoma kitu kidogo. Kwa miaka minne alikuwa akiukwepa uso wa mke wake. Kilio kilimpanda, akakimeza, maana kifua hakikupaswa kutikisika.

"Anapumua?" aliuliza.

"Anapumua."

"Sasa?"

"Nimesema anapumua. Nyamaza nione."

Mawe yaliendelea. Baadaye kidogo Nyabate alisogea, simu akaileta karibu zaidi, na Onyancha akajua kabla hajaambiwa. Kwenye ngozi yake, ule msukumo mdogo kama wa utitiri aliokuwa akiuhisi ulikuwa umekoma.

"Unyayo," alisema. "Mguse unyayo."

Nyabate aliingiza kidole chini ya leso, kati ya nguo na tumbo la mkwe wake, akautafuta mguu. Aliugusa. Aliugusa tena, kwa nguvu zaidi.

"Wewe," alimwambia mtoto. "Wewe msichana. Hakuna kulala sokoni. Watu watakuibia. Amka uuze vitu vyako."

Msukumo ulirudi.

Ikawa hivyo. Mtoto alisahau, wakamkumbusha. Akasahau tena, na safari hiyo unyayo haukutosha, Nyabate akamsugua mgongo kwa vidole viwili mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kila mara ilichukua muda mrefu zaidi ya mara iliyotangulia, na wote wawili walijua hivyo, na hakuna aliyesema. Onyancha alikuwa akiuwazia mkono wake kule kiwandani, ulivyozoea kuingia ndani ya majani na kukuta joto mahali pasipotakiwa joto. Sasa angetoa chochote akute joto. Miguu ile ilikuwa baridi bado. Aliikunja kwenye kiganja chake na kuiombea kwa maneno ya hovyo: tafadhali, tafadhali, mama, tafadhali.

Nyabate alikuwa akizungumza na mtoto bila kukoma. Alimweleza bei ya ndizi. Alimtajia majina ya wajomba zake wote na tabia zao mbaya. Alimgombeza kwa kuja duniani kabla watu hawajapanga. Alipokohoa aligeuza uso mbali, akaziba mdomo kwa bega, na tochi haikuondoka mahali pake hata kidogo.

Kisha nyuma ya pazia mwanamke alipiga ukelele.

Haukuwa mrefu. Ulianza juu, ukavunjika. Akina mama kwenye viti waliinua vichwa vyao wote pamoja, na mikono yao yote pamoja ikawabana watoto wao. Sista Tabby alikuwa akisema kitu kwa upole huko nyuma, akikirudia.

Na Onyancha akafikiri: mtungi.

Alilifikiri hilo kabla hajafikiri lolote jingine. Mtoto wa mtu alikuwa amefariki hatua chache kutoka hapo, na yeye alikuwa amefikiri kuhusu mpira wake wa oksijeni, kwamba sasa umebaki wazi. Alijichukia papo hapo. Lakini macho yake yalikuwa kwenye pazia, na hakuyaondoa.

Pazia lilifunguka. Sista Tabby alitoka akivuta mpira mrefu nyuma yake, macho yake mekundu, na hakumtazama mtu. Aliubandika ule mpira chini ya pua ya mtoto kwa plasta mpya.

"Sindano ya kipimo cha mtungi iko kwa nyekundu," alisema. "Umebaki kidogo. Wanajaribu kutafuta mwingine, lakini barabara imejaa mawe na miti. Utamsaidia kidogo."

"Kidogo kama nini?" Nyabate aliuliza.

"Shosho, kidogo ni kidogo."

Alitoa kifaa chake cha kusikilizia, akakipasha joto ndani ya kiganja, akakiweka kwenye mgongo wa mtoto. Alisikiliza muda mrefu. Alipokiondoa hakusema mzuri wala mbaya. "Endeleeni hivyo hivyo," alisema. "Msiache." Akarudi nyuma ya pazia, kwa yule mama.

Mtoto alipumua vizuri kwa muda. Rangi ya mdomo ilikaribia kuwa ya mtu. Mvua ya mawe ilipungua ikawa mvua ya kawaida, na kwenye dirisha mwanga wa kijivu uliingia, wakaweza kuuona ua uliojaa barafu na majani ya mikaratusi yaliyokatwakatwa. Onyancha alithubutu kuyumba kidogo kwenye miguu yake. Aligundua kwamba mkono wa kushoto wa Nyabate, ule usioshika simu, ulikuwa umelala juu ya leso, juu ya mgongo wa mtoto, na kwamba chini ya mtoto kulikuwa na yeye. Alijua kuwa naye amejua. Haukuondoka.

"Alikuwa hivi pia," Nyabate alisema ghafla. "Valary. Hakuwa wa miezi saba, lakini alikuwa mvivu wa kupumua. Mkunga alimrushia maji baridi. Alikasirika mpaka leo."

Onyancha alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikamtikisa mtoto, na akakikata.

Na hapo tena ukimya ukaja chini ya leso.

Nyabate aliuona wakati uleule alipouhisi yeye. Kidole kikaenda kwenye unyayo. Tik, tik. Aliusugua mgongo. Aliurudia unyayo. Duara la mwanga wa simu likawa linacheza juu ya kichwa kidogo chenye nywele zilizolowa jasho la baba yake.

Mlango uligongwa. Alikuwa Joram, yule mtu anayesukuma vitanda vya wagonjwa huko juu, gambuti zake zimejaa maji, anahema kwa kukimbia ngazi.

"Onyancha," alisema. Uso wake ulikuwa umechanua, hakuna aliyekuwa amemwambia kilichokuwa kikiendelea chini. "Onyancha, mama ameamka. Valary. Wametoa ile mpira ya mdomo, ameongea. Kitu ya kwanza ameuliza ni mtoto. Nimwambie nini?"

Onyancha alifungua mdomo. Chini ya leso hakukuwa na kitu, ni moyo wake tu uliokuwa ukipiga, ukipiga kwa nguvu, kiasi kwamba hakuweza kujua kama kuna mwingine.

"Nimwambie nini?" Joram alirudia.

Nyabate hakugeuka. Aliishika simu kwa meno, akainua mkono mmoja nyuma yake, kiganja wazi, kumwomba mtu huyo asubiri, na kidole cha mkono wa pili kikaendelea kugusa ule unyayo, kikiugusa, kikiuacha, kikiugusa. Joram akabaki mlangoni, maji yakimtiririka kwenye koti, akitazama mgongo wa yule mama na kungoja jibu la kupeleka juu.